Mtoto Asikaushwe kwa Ajili ya Mzani

Ikiwa umerudi sasa hivi kutoka kuchuma majani na kapu bado liko mlangoni, keti kidogo, pumzisha mgongo, tuzungumze. Mazungumzo haya ni yako wewe mama, na pia ni ya nyanya, shangazi, dada mkubwa, na baba anayelea watoto peke yake.

Leo tunazungumza juu ya mzani.

Wewe mama unaujua mzani. Mtoto wako alipokuwa mchanga ulimbeba hadi kliniki, muuguzi akampima, akatia alama kwenye kadi. Uliangalia ule mstari. Ukipanda, ulifurahi. Ukilala au ukishuka, ulirudi nyumbani na wasiwasi. Tena unaujua mzani wa kituo cha kukusanyia majani ya chai. Karani anaposoma kilo zako unasimama karibu, kwa sababu kilo hizo ni karo na unga.

Lakini kuna mzani wa tatu, na huu wazazi wengi hawaujui. Ni mzani anaopanda kijana kabla ya mashindano ya judo, ndondi, taekwondo, karate au mieleka. Mzani huu umewafanya vijana wenye nguvu wajinyime chakula na maji. Wengine, kama utakavyosikia, walikufa.

Dalili ambayo mama huiona kwanza

Tuchukue mfano. Kijana wako ana miaka 15. Amekuja nyumbani likizo fupi. Zamani sahani yake ya ugali ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Sasa anamega tonge mbili, anasukuma sahani. Ukimpa chai anasema hataki. Saa saba mchana, jua likiwa kali, unamwona amevaa sweta mbili na juu yake koti la mvua, anakimbia kupanda kilima. Usiku unamsikia anatema mate kwenye kopo.

Ukimwuliza, anajibu: "Mama, nina mashindano Jumamosi. Lazima nishuke kilo nne ndiyo nipigane na wale wa chini."

Utamjibu nini? Wengi wetu tungenyamaza. Tungesema, "Mambo ya michezo anayajua kocha." Baada ya mazungumzo haya natumaini hutanyamaza.

Kwa nini judo ina madaraja ya uzito

Kwanza tuufahamu mchezo wenyewe. Judo ilianzishwa Japani mwaka 1882 na mwalimu aliyeitwa Jigoro Kano. Wachezaji wawili husimama kwenye mkeka wakiwa wamevaa nguo nzito za kitambaa, mmoja nyeupe na mwingine buluu. Kila mmoja hushika nguo ya mwenzake na kujaribu kumwangusha chali. Hakuna ngumi wala teke. Ukimwangusha mwenzako kwa nguvu, kwa kasi na kwa ustadi hadi mgongo wake ukalala mkekani, huo ni ushindi kamili, unaitwa ippon, na pambano limekwisha papo hapo. Unaweza pia kushinda kwa kumkandamiza chini asiweze kuinuka.

Judo iliingia Michezo ya Olimpiki mara ya kwanza mjini Tokyo mwaka 1964. Mwaka huo una maana kwetu. Katika michezo hiyo hiyo ya Tokyo, Wilson Kiprugut Chumo, mwana wa Kericho, alipata medali ya shaba katika mbio za mita 800. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki ambayo Kenya ilipata.

Kiprugut hakuulizwa kilo zake kabla ya kukimbia. Mkimbiaji mwembamba na mkimbiaji mnene husimama kwenye mstari mmoja. Lakini katika judo, mtu akikuangukia na wewe ni mwepisi kuliko yeye kwa kilo 30, unaweza kuumia vibaya. Kwa hiyo Tokyo waliweka madaraja matatu ya uzito: hadi kilo 68, hadi kilo 80, na zaidi ya kilo 80. La nne lilikuwa wazi kwa mtu yeyote. Hilo la wazi lilichukuliwa na Anton Geesink, Mholanzi mkubwa wa mwili, aliyemshinda Mjapani Akio Kaminaga mbele ya watu wake.

Baadaye madaraja yaliongezwa. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 wanaume walikuwa na madaraja saba: kilo 60, 66, 73, 81, 90, 100, na zaidi ya 100. Wanawake nao wana madaraja saba yao.

Mama, shika jambo hili moja kwanza. Madaraja ya uzito yaliwekwa ili kumlinda mchezaji. Yaliwekwa ili kijana mdogo asiangushwe na jitu. Hayakuwekwa ili kijana ajinyime maji.

Ujanja ulioharibu nia njema

Shida ilianzia hapa. Mchezaji wa kilo 70 anaona hivi: "Nikishiriki daraja la kilo 73, nitakutana na watu wanaonizidi kidogo. Lakini nikijikausha nifike kilo 66, nipimwe, kisha ninywe maji na kula, nitakutana na watu wadogo kuliko mimi." Naye mpinzani wake anafikiri vivyo hivyo. Mwishowe wote wawili wamejikausha, wote wamedhoofika, na hakuna aliyepata faida.

Wakubwa wa judo waliona hatari hii. Kwa sasa wachezaji wa mashindano ya kimataifa hupimwa jioni, siku moja kabla ya kupambana, ili wapate usiku wa kula na kunywa. Asubuhi yake baadhi yao huchaguliwa kwa bahati nasibu na kupimwa tena. Asubuhi hiyo mchezaji haruhusiwi kuzidi uzito wa daraja lake kwa zaidi ya asilimia 5. Yaani wa kilo 60 asizidi kilo 63. Kanuni hiyo inapunguza ujanja, lakini haiwezi kuingia nyumbani kwako wala bwenini. Huko mlinzi ni wewe na mwalimu.

Siku ya kilo 90 mjini London

Sasa nikusimulie siku moja ya judo. Ilikuwa tarehe 1 Agosti 2012, katika Olimpiki ya London, siku ya wanaume wa kilo 90. Kenya ilikuwa na mchezaji katika daraja hilo, Kiplangat Sang. Huku kwetu jina Kiplangat halihitaji kuelezwa. Kila nyanya anajua kwamba huyo ni mtoto wa kiume aliyezaliwa jioni. Sang hakupata medali, lakini alipanda mkeka ule ule waliopanda mabingwa wa dunia.

Siku kama hiyo huenda hivi. Wachezaji hupangwa kwa kura. Ukishindwa mapema unarudi nyumbani. Wanaoshindwa kwenye robo fainali hupewa nafasi nyingine ya kutafuta medali ya shaba, na ndiyo maana judo hutoa shaba mbili. Mchezaji anayefika fainali anaweza kupambana mara tano kwa siku moja. Hebu fikiria mtu aliyekaushwa akipambana mara tano.

Siku hiyo shaba zilikwenda kwa Ilias Iliadis wa Ugiriki na Masashi Nishiyama wa Japani. Fedha ilikwenda kwa Asley González wa Kuba. Dhahabu ilichukuliwa na Song Dae-nam wa Korea Kusini, baada ya fainali iliyoingia muda wa nyongeza. Song alikuwa na miaka 33, umri ambao wengi katika mchezo huu wamekwisha kustaafu.

Nataka umkumbuke huyu Song kwa sababu moja. Kwa miaka mingi yeye alikuwa mchezaji wa kilo 81. Lakini Korea ilikuwa na mtu mwingine hodari wa kilo 81, Kim Jae-bum, na kila nchi hupeleka mtu mmoja tu katika kila daraja. Kim ndiye aliyekwenda Olimpiki ya 2008. Song angeweza kujinyima ashuke hadi kilo 73. Hakushuka. Alipanda. Alikula, akafanya mazoezi ya nguvu, akajijenga hadi kuwa mtu wa kilo 90. Sikuambii kwamba alifanya hivyo kwa ajili ya afya. Njia ya kilo 81 ilikuwa imefungwa. Lakini angalia matokeo. Tarehe 31 Julai 2012 Kim alichukua dhahabu ya kilo 81. Kesho yake Song akachukua dhahabu ya kilo 90. Kim mwenyewe naye alikuwa amepanda kutoka kilo 73 miaka ya nyuma.

Kwa hiyo, mtu akimwambia kijana wako kwamba njia ya ushindi ni kushuka tu, wewe una jibu: mabingwa wawili wa London walipata dhahabu zao baada ya kupanda.

Waliokufa kwa kujikausha

Katika nchi hiyo hiyo ya Korea Kusini, miaka 16 kabla ya dhahabu ya Song, kulikuwa na kijana aliyeitwa Chung Se-hoon. Alikuwa na miaka 22 na alikuwa akijiandaa kwa Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996. Daraja lake lilikuwa kilo 65. Alijinyima chakula na kuingia katika sauna, yaani chumba cha joto kali, ili atokwe jasho ashuke kilo. Alifia humo. Hakufika Atlanta.

Mwaka 1997 huko Marekani, vijana watatu wa mieleka, wanafunzi wa vyuo vitatu tofauti, walikufa katika muda wa wiki zipatazo tano, kati ya Novemba na Desemba. Wote walikuwa wakijaribu kushuka kilo upesi. Walifanya mazoezi makali mahali penye joto, wakiwa wamevaa nguo zisizopitisha hewa, huku wakijizuia kunywa maji. Walikuwa na umri wa kati ya miaka 19 na 22. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa vijana wenye nguvu, waliokuwa na walimu na waganga karibu nao.

Baada ya vifo hivyo vyuo vya Marekani vilibadilisha kanuni. Vilipiga marufuku sauna, nguo za mpira na dawa za kukojoza kwa ajili ya kushusha uzito. Wakati wa kupima ulisogezwa karibu na pambano, na kila mchezaji akawekewa uzito wa chini ambao haruhusiwi kuuvuka. Kanuni zilikuja baada ya mazishi. Sisi tusingoje mazishi.

Mwili hufanywaje ukikaushwa

Mama, wewe mkulima wa chai unajua jambo hili kuliko daktari. Majani mabichi unayopeleka kituoni sehemu kubwa ni maji. Kiwandani huhitajika kilo nne na nusu hivi za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Kijana anayeshuka kilo tatu kwa siku mbili hajapoteza mafuta. Mafuta hayatoki upesi hivyo. Amepoteza maji. Jasho la lita moja ni kilo moja kwenye mzani.

Majani ya chai hukaushwa na hayahitaji tena kuishi. Mtoto wako anahitaji maji hayo ili aishi. Maji yakipungua, haya hutokea:

Damu inapungua wingi na kuwa nzito. Moyo unalazimika kupiga haraka ili kuisukuma.

Jasho linakauka. Mwili hauwezi tena kujipoza, joto linapanda ndani kama chungu kilichofunikwa.

Chumvi za mwili zinavurugika. Misuli inakaza, na mapigo ya moyo yanaweza kupotea njia. Hapo ndipo kifo cha ghafla hutokea.

Figo zinakosa maji ya kuchujia uchafu na zinaweza kuumia.

Kichwa kinakuwa kizito. Kijana anakasirika upesi, anasahau, hawezi kusoma.

Nguvu pia zinapotea. Kijana wa kilo 60 akipoteza maji ya kilo moja na robo tu, ambayo ni asilimia 2 hivi ya uzito wake, uwezo wake wa mazoezi unaanza kushuka. Anapanda mkekani akiwa mwepesi kwenye mzani na mzito kwenye miguu.

Kuna jambo lingine kwa watoto wetu wa shule. Bado wanakua. Mvulana anapofika wakati wa kukua kwa kasi, anaweza kuongeza kilo 8 au 9 kwa mwaka mmoja. Kumwambia abaki katika uzito wa mwaka jana ni kama kumlazimisha avae viatu vya mwaka jana. Kitakachoumia ni mguu.

Wasichana na wakimbiaji pia

Huenda unasema, "Wangu hachezi judo, anakimbia." Hapa Kericho na Bomet wakimbiaji ni wengi, na nao wako wanaoambiwa kwamba wakipungua zaidi watakimbia zaidi. Hasa wasichana. Msichana anayefanya mazoezi makali na kula kidogo anaweza kukosa hedhi kwa miezi kadhaa. Wengine hufurahi, wanaona wamepumzika na usumbufu. Mama, hiyo si habari njema. Ni mwili unaokuambia kwamba chakula hakitoshi. Mifupa yake inadhoofika wakati ambao ingepaswa kujengwa, na mfupa unaweza kupasuka kwa mazoezi tu, bila kuanguka. Msichana wako akikosa hedhi kwa miezi mitatu, mpeleke akaangaliwe. Na ikiwa kuna uwezekano wa mimba, mwulize kwa upole, bila kumfokea.

Dalili za kuangalia nyumbani

Huhitaji mashine. Angalia haya:

1. Mkojo. Ukiwa mwepesi wa rangi, maji yanatosha. Ukiwa kidogo na umekolea, anahitaji maji. Ukiwa na rangi kama ya strungi, yaani chai isiyo na maziwa, na misuli inamuuma, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

2. Midomo imekauka, macho yameingia ndani.

3. Anapata kizunguzungu anaposimama.

4. Anakwepa kula pamoja na wengine, au anakula kisha anakwenda kutapika.

5. Anavaa nguo nyingi au nailoni akifanya mazoezi kwenye jua.

6. Ana vidonge usivyovijua. Dawa za kukojoza na za kuharisha ni hatari bila daktari. Tena dawa za kukojoza zimekatazwa michezoni, na mchezaji akipatikana nazo anaweza kufungiwa.

Dalili za dharura ni hizi: amezirai, anaongea maneno yasiyoeleweka, kifua kinamuuma, moyo unakwenda mbio hata akiwa amelala, au ngozi ni ya moto sana na amechanganyikiwa. Hapo usingoje kesho. Mtoe juani, mvue nguo za juu, mmwagie maji baridi na kumpepea, na utafute gari. Aliyezirai usimmiminie maji mdomoni, mlaze ubavu. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, na wao wakiona inafaa watampeleka hospitali kubwa kama ile ya Kericho, Kapkatet, Longisa au Tenwek.

Ikiwa yuko macho na anaweza kumeza, mpe maji kidogo kidogo. Pakiti ya ORS ni nzuri. Ichanganye kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Usipokuwa nayo, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Koroga. Usizidishe chumvi.

Chakula cha mchezaji kimo jikoni mwako

Mchezaji hahitaji unga wa bei kubwa kutoka dukani. Asubuhi mpe uji wa wimbi na yai, au viazi vitamu na maziwa. Mchana githeri au ugali na maharagwe. Jioni ugali na managu au saga, na mursik. Ndizi au parachichi linapopatikana. Nyama au omena inapopatikana. Ale mara tatu, na baada ya mazoezi apate kitu kidogo tena.

Jambo moja kwetu sisi watu wa chai. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharagwe. Mchezaji anahitaji chuma ili damu yake iwe na nguvu, na msichana anakihitaji zaidi. Simwambii mtu yeyote wa Kericho aache chai. Ninasema inywewe saa moja kabla ya chakula au saa moja baadaye.

Maji yawe karibu naye wakati wa mazoezi. Kama shule ina mzani, apimwe kabla na baada ya mazoezi. Kilo iliyopungua hapo ni maji, na anapaswa kuyanywa tena polepole kabla ya kulala.

Jinsi ya kusema na kijana, na jinsi ya kusema na kocha

Usimpigie kijana kelele. Ukimkaripia atajificha, na anayejificha ndiye anayepata hatari. Kaa naye. Mwambie: "Mwanangu, nafurahi kwamba unacheza. Mimi nilikupima ukiwa na kilo tatu, na kila kilo iliyoongezeka niliifurahia. Niambie, nani amesema ushuke? Kwa siku ngapi? Kwa njia gani?" Msikilize amalize. Kisha mweleze habari za Song aliyepanda na Chung aliyekufa.

Halafu nenda shuleni. Usiende kwa ugomvi. Kocha wengi wanawapenda watoto, na wengine hufundisha tu walivyofundishwa wao. Sema: "Mwalimu, asante kwa kazi unayofanya na mtoto wangu. Nimekuja kwa jambo moja. Naomba acheze katika daraja la uzito alio nao sasa, akiwa amekula na amekunywa maji. Ikiwa hawezi kupata nafasi katika timu mwaka huu, tutangoja." Neno hilo la mwisho ni gumu. Pengine timu inakwenda mbali, pengine kuna matumaini ya msaada wa karo. Lakini lisemwe, na ni mzazi anayeweza kulisema. Kijana peke yake hawezi. Anaogopa kuachwa.

Kama mtoto kweli ana uzito uliozidi kiasi, hilo ni jambo la kuzungumza na mhudumu wa afya, na hufanywa kwa miezi, kwa kupunguza soda, mandazi na chipsi. Halifanywi wiki ya mashindano, na kamwe halifanywi kwa kunyimwa maji.

Mambo ya kukumbuka

Madaraja ya uzito yaliwekwa kumlinda mtoto.

Kilo zinazotoka kwa siku mbili ni maji, na bila maji moyo unaweza kusimama.

Mtoto anayekua hupanda daraja. Hilo ni jambo la kawaida na la kufurahia.

Hakuna kukimbia na makoti juani, hakuna kutema mate, hakuna vidonge, hakuna kulala njaa.

Mzazi ana haki ya kumwuliza kocha.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Je, katika shule za karibu nasi kuna michezo ya madaraja ya uzito? Nani huwapima watoto, na lini?

2. Tungefanya nini kama kijana angezirai mazoezini? Gari lingetoka wapi?

3. Ni akina mama gani kati yetu watakaokwenda pamoja kuzungumza na mwalimu wa michezo?

Mama, kwenye kliniki ulifurahi mstari ulipopanda. Mtoto yule sasa ana sauti nzito na mabega mapana, lakini ni yule yule. Endelea kuuangalia mstari wake.